Majani yasiyopanda bombani: kisa cha mashine moja ya gazoni, Lubumbashi

Kila mwaka mvua zinapoanza kushika Lubumbashi, kati ya Oktoba na Novemba, simu za mafundi wa mashine ndogo huanza kulia kwa shida ileile. Mashine ya kukata majani, ile ya kupanda na kuketi, imeziba. Kukata inakata, ila majani hayafiki mifukoni. Mwendeshaji anasimama, anashuka, anachokonoa donge kwa kijiti, anapanda tena, anakwenda hatua chache, imeziba tena. Nimechagua kueleza kisa kimoja kwa urefu kwa sababu ndani yake zilikutana karibu sababu zote za shida hii, na kwa sababu pesa nyingi zilitumika kabla ya mtu yeyote kuuliza swali lililopaswa kutangulia: hewa inayoyabeba majani inatoka nje kupitia wapi?

Mahali penyewe ni nyumba ya wageni ya kanisa moja, katika mtaa wa Golf hapa mjini. Kiwanja ni kikubwa, kina miembe na jakaranda, na gazoni, yaani nyasi za uwanja, nene inayokatwa msimu mzima wa mvua. Mashine ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika Afrika Kusini, ikapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama mashine nyingi za hapa kwetu. Ina visu viwili chini ya kifuniko cha chuma chenye upana wa sentimita 107. Majani hutoka kwa ubavu wa kulia, hupanda kwenye bomba la plastiki, hupinda kwenye kiwiko nyuma ya kiti, kisha huangukia mifuko miwili iliyofunikwa na mfuniko mmoja.

Nilipofika, mwendeshaji, mzee mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo, alinipokea kwa neno moja: "Fundi, hii mashine iko inatuchokesha." Akanionyesha. Kutoka langoni hadi kwenye mwembe wa kwanza hakumaliza mstari mmoja. Nyuma yake yalibaki matuta ya majani mabichi yaliyokatwa, na mifuko ilikuwa haijafika hata nusu.

Mama msimamizi naye alikuwa na orodha ya yaliyokwisha kufanywa. Walibadilisha mkanda wa visu. Walinunua visu vipya. Kijana mmoja aliyeitwa kabla yangu alisema majani ya mvua ni mazito, hakuna dawa, wangoje kiangazi. Neno hilo ndilo linalosemwa mara nyingi mjini, na linaudhi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 75 hadi 85 ya uzito wake, na yakiongezewa mvua juu yanashikamana na kila yanachogusa. Lakini mashine hii iliwahi kufanya kazi hapohapo, kwa majani yaleyale, mvua zilizopita. Majani hayakubadilika. Kilichobadilika kilikuwa kwenye mashine.

Kabla ya kufungua chochote ni lazima kuelewa inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kuna feni mahali fulani inayofyonza. Zipo mashine zenye feni ya pembeni, lakini hii haina. Upepo wote unatengenezwa na visu vyenyewe. Kisu cha kukusanyia kina makali upande wa mbele, na upande wa nyuma kila ncha imekunjwa kwenda juu kama bawa. Kisu cha sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hupita kwa mwendo wa zaidi ya mita 80 kwa sekunde. Bawa hilo ndilo linaloinua hewa kutoka chini, linasimamisha majani ili yakatwe sawasawa, kisha linayasukuma pamoja na hewa hadi bombani. Hewa ikifika mifukoni hutoka kwenye matundu madogo ya kitambaa, majani hubaki ndani. Matundu yakizibwa hewa haina pa kwenda, na hewa isiyotoka huzuia nyingine isiingie. Ni sawa na kupuliza ndani ya chupa. Hapo majani hupoteza mbebaji wao na kuanguka pale mwendo unapopungua kwanza.

Kwa hiyo donge linapokaa ni ushahidi. Likianzia mdomoni, pale kifuniko cha visu kinapokutana na bomba, mara nyingi visu vinasukuma kidogo au unakata majani mengi kuliko mashine inavyoweza kubeba. Likianzia juu, kwenye kiwiko au chini ya mfuniko, shaka iende kwanza kwenye mifuko. Shida ni kwamba ukichelewa kusimama, donge la juu hujaza bomba lote hadi chini, na ukilifungua huwezi tena kujua lilianzia wapi. Watu waliotangulia walikuwa wakiliona bomba limejaa tangu mdomoni, wakaamua kosa ni la visu.

Nikamwomba mzee akate tena, ila asimame mara tu niinuapo mkono, kabla ya mashine kuanza kumwaga majani chini. Alizima injini, akatoa ufunguo, tukangoja visu visimame kabisa, nikachomoa waya wa buji, yaani plagi ya injini. Hatua hizi sitazifupisha kwa ajili ya mtu yeyote. Visu huendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya kuzimwa, na mkono ndani ya mdomo wa bomba ni mkono uliokwisha kupotea kama kisu bado kinatembea. Hata injini ikiwa imezimwa, kijiti ndicho kinachoingia.

Tulipofungua bomba, sehemu ya chini ilikuwa tupu, ina nyuzi chache tu za majani. Donge lilikuwa juu kwenye kiwiko, laini, ukubwa wa ngumi mbili, ndiyo kwanza linaanza kukua. Nikapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa bomba, kikatoka cheusi. Nikamwuliza: "Papa, nani alipaka mafuta humu ndani?"

Alinieleza bila kuficha, na alikuwa na sababu zake. Mvua zilizopita bomba lilipoanza kushika majani, mtu aliwashauri wapake mafuta machafu ya injini, yale yanayomwagwa wakati wa vidanji, yaani kubadilisha mafuta, ili majani yateleze. Kwa siku chache yaliteleza kweli. Kisha kikaja kiangazi. Hapa kwetu kati ya Mei na Septemba mvua hakuna, udongo mwekundu unakuwa unga, na kila gari linalopita kwenye barabara isiyo na lami linaacha wingu. Gazoni ililala, lakini mashine haikulala. Waliitumia kuokota majani makavu ya miembe, na ilipofika Septemba na Oktoba, maua ya jakaranda yaliyofunika uwanja. Kazi nzuri, inaokoa muda wa kupitisha reki. Ila kila mstari ulivuta vumbi pamoja na majani, vumbi likapita kwenye bomba lenye mafuta, mengine yakanasa hapo, na mengine yakaenda na hewa hadi kwenye kitambaa cha mifuko yakiwa yamekwisha kushika utelezi. Huko yakaganda.

Nilichukua mfuko mmoja mtupu nikaupeleka juani, nikaingiza kichwa ndani kutazama. Mfuko mzima wa aina hii ukiuinua juani unaona nuru imepita kwenye maelfu ya vitundu. Huu ulikuwa giza. Ni kwenye mishono ya pembeni tu, ambapo hewa haipiti sana, palionekana mstari mwembamba wa mwanga. Kwa nje mfuko ulionekana wa kawaida, wa rangi ya udongo kidogo, na hapo ndipo kila mtu alipodanganyika: mifuko ya Lubumbashi yote ina rangi ya udongo. Nikamwaga maji kiganja kimoja juu ya kitambaa, yakatulia pale kama juu ya sahani.

Ili mama msimamizi naye aone kwa macho yake, nilifunga vipande vya utepe mwepesi wa kitambaa kwenye matundu ya mifuko kwa nje, tukaisogeza mashine mahali palipokwisha kukatwa na kuokotwa mawe, mzee akaketi kitini, akawasha na kuachia visu vizunguke, mfuniko ukiwa umefungwa. Sisi tulisimama mbali kwa ubavu wa kushoto, kamwe si nyuma wala upande bomba linapotokea. Utepe ulining'inia. Visu vinanguruma, gazoni inatikisika pembeni mwa kifuniko, na nyuma utepe haupepei hata kidogo.

Tukaosha mifuko na bomba tu. Nilikataa kugusa kitu kingine siku ile, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona mengine yanayoniudhi, kwa sababu ukitengeneza mambo matano kwa pamoja hujui lipi lilikuwa ugonjwa. Mifuko ililowekwa katika beseni la maji yenye sabuni ya kutosha kukata mafuta, ikasuguliwa kwa brashi laini kutoka ndani kwenda nje na kutoka nje kwenda ndani, ikasuuzwa mpaka maji yalipoacha kuwa mekundu. Kijana wa bustani alitaka kutumia pampu ya kuoshea magari. Kwa mbali si vibaya, lakini ukiisogeza karibu maji yale hupasua nyuzi, na kitambaa kilichopasuka kinatema vumbi na vijiwe kuelekea mgongo wa mwendeshaji. Bomba nalo lilioshwa kwa sabuni hiyohiyo hadi likarudi kuwa plastiki. Kesho yake mifuko ilikuwa mikavu, na utepe ulipepea.

Mzee akatoka langoni akapita mwembe wa kwanza, akapita na wa pili. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini karibu na ukuta wa nyuma, ambapo gazoni hupata kivuli na kukua ndefu zaidi, iliziba tena, na safari hii donge lilikuwa mdomoni, chini. Hili ni kosa jingine kabisa. Lingeonekana kama "bado haijapona" kwa mtu asiyetazama donge limekaa wapi.

Tukainua mbele ya mashine. Jeki huinua, haishikilii. Chini yake tuliweka magogo ya mti mgumu kabla ya mtu kulala pale. Chini ya kifuniko palikuwa na ganda la udongo na majani makavu lenye unene wa vidole viwili, hasa kwenye kona inayoelekea bombani. Tulilikwangua kwa kipande cha ubao ili tusichubue rangi, maana chuma kikibaki wazi mvua za hapa zinakila upesi. Ganda hilo hupunguza nafasi ambayo hewa inazungukia, na huvunja mwendo wake pale pale unapohitajika zaidi. Lakini halikuwa peke yake.

Nilifungua visu vipya nikaomba niletewe vile vya zamani. Vilikuwa stoo, chini ya mabati, bado havijauzwa kama chuma chakavu. Nikaviweka sambamba sakafuni. Urefu sawa, tundu la katikati sawa, upana karibu sawa. Kisha nikalala kifudifudi nivitazame kwa ubavu, nikamwambia mzee alale naye atazame. Kisu cha zamani kilikuwa na bawa lililoinuka karibu sentimita tatu kutoka sakafuni. Kipya kilikuwa karibu bapa. Muuzaji alilinganisha urefu na tundu, akauza, na kila kitu kikaingia mahali pake. Visu vya aina hiyo si vibovu. Vinafaa mahali penye mchanga mwingi, na vinafaa ukikata bila kukusanya, kwa sababu haviinui vumbi na havilemei injini. Ila huwezi kuviomba vijaze mifuko.

Kwa hiyo ukarabati uliofanywa kutafuta dawa ndio ulioongeza ugonjwa wa pili. Yaelekea visu vya zamani visingeleta donge la chini kamwe. Vilihukumiwa kwa kosa la mifuko.

Nilivikagua kama bado vinafaa. Mchanga wa gazoni hula kisu mahali pawili: makali, ambayo yananoleka, na shina la bawa pale linapoanza kukunjwa, ambalo halitengenezeki. Shina likiwa limekondeana au lina ufa, kisu kitupwe siku hiyohiyo, kwa sababu bawa likikatika likiwa kwenye mwendo ule linatoka kama risasi. Haya yalikuwa na unene mzuri. Tukavinoa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi tukifuata ile ya kiwandani, kila kimoja tukakining'iniza kwa tundu lake kwenye msumari ukutani kuona kama upande mmoja unazidi, tukapunguza chuma upande mzito mpaka kikatulia mlalo. Kisu kisicho na uzito sawa hutikisa beringi zake, na beringi ya mhimili wa kisu ni ghali kuliko kisu.

Tukavirudisha, mabawa yakielekea juu. Nalisema hili kwa sababu kisu kilichofungwa kichwa chini bado kinazunguka na bado kinachana majani, na nimeona mashine za watu zikifanya hivyo msimu mzima.

Limebaki jambo la mwisho, na hili halikuwa la chuma. Mzee alikuwa akiendesha na akseleta katikati. Nilipomwuliza alitazama kando: "Mama alisema tupunguze esansi," yaani petroli. Nikafunga kipimo cha mizunguko kwenye waya wa buji. Kilisoma 2,600 hivi, wakati injini za aina hii hutakiwa kukata zikiwa kati ya 3,300 na 3,600. Mizunguko ya visu inafuata ya injini kwa mkanda, na msukumo wa hewa haupungui sawa na mizunguko, unapungua kwa mraba wake. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya mizunguko, umepoteza karibu sehemu mbili za kumi za msukumo. Mzee alikuwa amepoteza karibu robo ya mizunguko, yaani karibu nusu ya msukumo wenyewe. Na mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, na injini nayo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Hapa hatuna akiba ya kupoteza.

Nilimweleza mama msimamizi mbele ya mzee, ili lisionekane neno la mfanyakazi dhidi ya mkubwa wake. Akseleta ijae, na mwendo wa magurudumu ndio upunguzwe. Mama aliuliza swali zuri: esansi si itakwisha haraka? Kwa saa moja, ndiyo, itakwisha zaidi. Kwa uwanja mzima, nilimwambia alinganishe mwenyewe na siku za kusimama kila mara, injini ikiwashwa na kuzimwa, mistari ikirudiwa kuokota matuta. Alikubali kujaribu kwa mwezi mmoja huku mzee akiandika lita. Nilipenda jibu hilo kuliko angekubali tu.

Pale ukutani penye majani marefu tulikubaliana njia nyingine: kupita mara mbili. Kwanza kisu juu, kuondoa theluthi moja tu ya urefu, kisha baada ya siku mbili tatu kushuka. Gazoni ya sentimita 15 ukitaka kuishusha hadi 5 kwa mara moja, hata mashine mpya itaziba, na mizizi nayo huumia. Mzee huanza sasa mnamo saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, ili awe amemaliza kabla ya mvua ya alasiri. Akikuta majani yamelowa kabisa, hakati.

Kitu kimoja hakikupatikana mjini: mpira wa kubana bomba kwenye mdomo wa kifuniko, uliokuwa umekatika na kuacha mwanya unaoingia kidole. Hewa inayovuja hapo haifiki juu. Tumefunga kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kinabana vizuri, na wa kiwandani umeagizwa kupitia Kasumbalesa. Mifuko huoshwa mwisho wa kila mwezi wa mvua, na kiangazi huoshwa kila baada ya kazi ya kuokota majani makavu, kwa sababu vumbi ndilo adui mkubwa kuliko maji. Mafuta hayaingii tena bombani.

Vile visu bapa havikutupwa. Vimepakwa grisi kidogo na kutundikwa stoo pamoja na karatasi inayosema ni vya kukatia bila mifuko, kwa sehemu ile ya nyuma karibu na kichuguu, ambako majani yaliyokatwa huachwa chini yaoze na kurudi udongoni.